Shingo ya Penn-Garo

Januari 6, Sikukuu ya Mamajusi

Upepo wa kaskazini-magharibi, mkali. Mimi Goulven Abgrall, mwenye nyumba ya pekee juu ya rasi ya Penn-Garo, niliyezunguka ncha ya Amerika ya Kusini mara nne (paroko anasema mbili, lakini paroko hakuwepo), niliyejifunza kusoma melini kwa mshona matanga, leo naanza kuandika kwa sababu upepo umenifungia ndani na wa kunisikiliza ni farasi tu. Farasi wangu Morvan amekwisha kuyasikia yote. Akiona nafungua kinywa, analaza masikio.

Januari 9

Upepo. Viazi.

Januari 11

Upepo. Viazi vimeungua, maana nilikuwa nimeshikilia mlango usiende zake.

Januari 13

Bahari imekata shingo.

Rasi yetu ni kichwa cha mawe na majani kilichochomoza baharini, na kinachokishikanisha na bara ni ukanda wa kokoto tu, upana wake mikokoteni mitatu ikipishana. Hiyo ndiyo shingo. Katikati yake ulisimama msalaba wa mawe ambao hakuna ajuaye nani aliuweka.

Alfajiri maji yalijaa kwa bamvua, siku za bahari kujaa na kupwa kupita kiasi, na upepo ukayasukuma kwa nyuma. Wimbi la kwanza lilibomoa ukuta wa zizi. La pili likachukua mbuzi wote wawili. Mmoja nilimwona akipigwa juu ya mwamba, mara moja, mara mbili, kama mwanamke anavyofua shuka, na mara ya tatu hakuwa mbuzi tena. Nilitoka na kamba kiunoni kumwokoa wa pili. Wimbi likanitupa juu ya paa la banda. Juu ya paa, haki ya Mungu, ingawa Morvan hawezi kunishuhudia. Kutoka huko juu niliuona msalaba ukiinama polepole, kama mtu mzima anayetafuta kitu alichoangusha, kisha ukazama. Pale uliposimama sasa pana mkondo, na maji yanapita kutoka bahari hii kwenda bahari ile bila kuomba ruhusa.

Januari 16

Maji yalipopwa nilivuka mpaka bara, maji kiunoni, kwenda kilabuni. Plougwern nzima, kijiji chetu, ilikuwa humo. Mazhev mhunzi amesimama katikati, mikono kama mapaja yangu.

"Mzee Goulven! Tulishakuombea misa."

"Jiombee wewe mwenyewe," nikamwambia. "Mawimbi ishirini na saba yamenipiga, nikayahesabu."

"Jana mvuvi alisema matatu."

"Mvuvi alihesabu ya upande wake."

Wakacheka, kisha kicheko kikafa, kwa sababu kila mtu alikuwa na jambo lile lile kichwani. Sheria ya mwani ni fupi. Mwani ulioota kwenye miamba ambayo mtu anaifikia kwa miguu, maji yakipwa, ni wa kijiji chenye pwani hiyo. Mwani wa kisiwani ni wa yeyote mwenye mashua. Sisi Plougwern tuna mikokoteni. Wenye mashua ni wale wa Lanvaon, ng'ambo ya ghuba.

"Kwani rasi ni nini hasa?" akauliza mtu. "Si nchi yenye maji pande tatu?"

"Na upande wa nne?"

"Upande wa nne una mama yako, ameketi."

"Sasa hata mama yake kachukuliwa na maji," akasema Mazhev, na hakucheka. "Pande nne maji ni kisiwa. Mwani wa Penn-Garo ukienda, mashamba yetu yatakula nini? Mchanga huu bila mwani hauoti hata kiazi. Na siku ya wajane?"

Hapo kila mtu akatazama sakafu. Kwetu, siku ya kwanza ya kukata mwani, baada ya Pasaka, ni ya wajane peke yao. Hakuna mwanamume anayegusa mundu mpaka kesho yake. Wanachokata siku ile ndicho kinachowalisha mwaka mzima.

"Tutaziba," akasema Mazhev. "Jiwe kwa jiwe."

Huyo ndiye mwanamume. Kama ningekuwa na mwana ningemtaka awe hivyo.

Januari 30

Azenor alikuja kuniona, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea mimi kwa maziwa ya mbuzi na hadithi. Mwaka juzi aliolewa Lanvaon. Alikuja kwa mashua na mumewe Riwal, kijana mwembamba, mtu wa maneno machache, na mimi mtu wa maneno machache simwamini. Huwezi kujua anayaweka wapi.

Mashua ilipita katikati ya mkondo. Palepale mahali pa msalaba.

"Shikamoo, Mjomba," akasema Riwal.

"Mimi si mjomba wako. Umepita wapi na chombo chako?"

"Penye maji."

"Hapo ni barabara."

Akaitazama ile barabara, samaki wanapita. "Mjomba, mimi sikuikata. Lakini maji ni maji."

Nikamrushia kiatu cha mti. Kilimkosa kikampiga Azenor begani. Azenor akakiokota, akakitia nyasi kavu mpya kama alivyokuwa akinifanyia tangu utotoni, akakiweka mlangoni. Kisha wakaondoka.

Februari 4

Mawe. Kijiji kizima kinabeba mawe, wanawake kwa aproni, wanaume kwa machela. Tunamwaga mkondoni maji yakipwa.

Februari 5

Mawe.

Februari 7

Mawe. Bahari imerudisha nusu yake.

Februari 8

Mazhev ametengeneza minyororo ya kuvutia mawe makubwa. Morvan amevuta jiwe ambalo farasi watatu wa mjumbe wa kijiji walishindwa. Hilo hata maadui zangu wanakiri.

Februari 21

Leo damu.

Mashua za Lanvaon zilikuja asubuhi, maji yakipwa, sita kwa pamoja, zikafunga kwenye miamba ya kaskazini ya rasi, watu wakashuka na miundu mirefu na kuanza kukata. Kimyakimya, kama wako kwao. Nilipiga baragumu. Mazhev akaja na watu thelathini wakivuka kwenye mawe tuliyomwaga, maji magotini.

"Tokeni kwenye mwani wetu!"

"Mwani wa nani?" akajibu mzee wao mmoja. "Wewe umefikaje hapa, mhunzi? Mbona suruali imelowa?"

Hapo ndipo Mazhev alipompiga. Mwani ukilowa ni utelezi kuliko sabuni; huwezi kupigana umesimama. Tulipigana tumekaa, tumelala, tumekaliana shingoni, kwa mipini ya uma za kubebea mwani na kwa ngumi zilizojaa mchanga. Mtu aliniuma sikio. Mimi nilimpiga mmoja kwa uma upande butu, akaanguka, na aliyekuwa nyuma yake akaanguka, na wa nyuma yake. Mazhev alimshika kijana mmoja mkono aliojishikilia nao kwenye mwamba, akateremsha mundu. Vidole viwili. Vilibaki vimeshika jiwe kidogo kabla havijateleza.

Kijana hakulia mara moja. Alivitazama kwanza.

Riwal alikuwepo. Hakupigana. Alimbeba yule kijana mgongoni mpaka mashuani, na mawe yetu yakimwangukia.

Februari 22

Kilabuni wanasimulia. Nimesema niliangusha saba. "Asubuhi walikuwa watatu, Mzee Goulven," akasema mwenye kilabu. "Mpaka jioni utakuwa umeua Lanvaon nzima, na sisi tutamwoa nani?"

Mazhev alinilipia brandi. Ile sura ya kijana anatazama vidole haitoki. Nimeinywa lakini haitoki.

Machi 3

Wamemkata Morvan.

Nilimwacha malishoni, upande wa ghuba. Niliporudi na ndoo alikuwa amekaa kama mbwa. Kisha nikaona kwa nini. Kano za miguu ya nyuma zimekatwa, zote mbili, kwa kitu kikali, kitu cha kukatia mwani. Alijaribu kusimama aliponiona. Akasimama kwa miguu ya mbele, akaniburuzia mwili wote wa nyuma, hatua mbili, tatu, akija. Hakulia. Farasi akiumia sana halii.

Nilikwenda kuchukua nyundo. Nilimfunika macho na koti langu. Nilimwambia habari ya ncha ya Amerika, ile ya barafu iliyokuwa ndefu kama kanisa, kwa sababu alikuwa akiijua, na katikati ya hadithi nikapiga. Nilipiga mara mbili. La kwanza halikutosha, na hilo nitalilipia mbele ya Mungu.

Nimewaambia wote ni Riwal. Nani mwingine wa Lanvaon anajua malisho yangu?

Machi 4

Sikwenda popote.

Machi 9

Ofisa wa Bahari amekuja kutoka mjini, kijana mwenye miwani na glovu. Alisimama bara akaitazama shingo, akafungua kitabu.

"Bwana Ofisa," nikamwambia, "kitabu hicho kinasema nini kuhusu kisiwa?"

"Kinasema nchi isiyofikika kwa miguu, maji yakiwa yamepwa kabisa."

"Basi mimi nafika kwa miguu nikiwa nimefumba macho."

"Kwa miguu mikavu," akasema Ofisa. Akauliza wazee tunapima vipi. Kwetu kipimo ni cha zamani: mtu anatia nyasi kavu ndani ya viatu vyake vya mti, anavuka, akifika, nyasi zinatolewa. Zikiwa kavu, ni nchi moja. Zikilowa, ni bahari. Ofisa akaipenda, akaandika. Siku ni ya bamvua kuu ya Machi, saa sita mchana, mbele ya vijiji vyote viwili.

"Na nani atavuka?"

"Si amesema anavuka kwa macho yaliyofumbwa?" Mazhev akanipiga mgongoni, karibu nianguke. "Mzee Goulven!"

Wakashangilia. Mimi pia nilishangilia, nikashuka mpaka mawe nikayatazama. Kuna mahali maji bado yanalamba pembeni, kwenye mkondo, kina cha mtu. Lakini juu, ukiruka vizuri, pakavu.

Machi 15

Azenor kaja peke yake, kwa miguu, akizunguka ghuba yote.

"Mjomba, umewaambia watu Riwal alimkata Morvan."

"Nimewaambia."

"Siku ile Riwal alikuwa amenishika kichwa, natapika tangu asubuhi. Uliza wanawake wote wa Lanvaon kwa nini natapika."

Sikuuliza. Nilielewa.

"Aliyemkata ni baba wa yule mwenye vidole," akasema. "Na kila mtu anajua, ila wewe hutaki hadithi fupi."

Alipofika mlangoni akageuka. "Wanataka kumwua, Mjomba. Mazhev kasema kilabuni. Wewe sema neno."

Sikusema neno. Mimi, Goulven.

Machi 20

Mvua. Mawe.

Machi 24

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia haufungiki.

Saa sita, jua, upepo mdogo. Bahari ilikuwa imekwenda mbali kuliko nilivyowahi kuiona tangu nizaliwe. Mwani wote umelala uchi, mwekundu na mweusi, na harufu yake inalewesha. Lanvaon walisimama kulia, Plougwern kushoto, katikati askari sita wa farasi. Ofisa alisimama bara. Mimi nilianzia kwangu, juu ya rasi. Paroko alitia nyasi ndani ya viatu vyangu kwa mkono wake, Ofisa akiangalia kwa darubini.

Wajane walikuwa mbele, kumi na kitu, wamevaa kofia zao nyeupe, wamekunja mikono. Hawakushangilia. Walinitazama miguu.

Nikatembea. Kokoto, kavu. Kisha mawe yetu. Naruka, nasimama, naruka. Nilikuwa tayari natunga nitakavyosimulia. Katikati, mahali pa msalaba, nikasikia mtu anakohoa.

Chini yangu, upande wa bahari, ambako hakuna wa bara angeweza kuona, Riwal alikuwa ndani ya mkondo. Mtaimbo wake ulikuwa umelala juu ya jiwe. Alikuja asubuhi, mawe yetu yalipoanza kuchomoza na watu hawajakusanyika, kuyang'oa, maji yapite. Hilo halihitaji kuelezwa. Na mtu alimkuta akifanya hivyo. Goti lake la kushoto halikuwa goti, lilikuwa kitu cheupe na chekundu kinachotazama upande usio wake, na juu ya mguu huo lilikuwa limelala jiwe, moja la yale yenye mnyororo. Mnyororo ulikuwa wa Mazhev. Maji yalikuwa kidevuni. Kila wimbi dogo lililoingia lilimfunika pua, akangoja, akatema, akavuta pumzi. Wimbi. Kutema. Pumzi. Tangu asubuhi. Maji ya mkondo, yaliyozuiwa na mawe yetu, hayakushuka chini ya kidevu, na sasa bahari ilikuwa imefika mwisho wa kupwa, inaanza kurudi.

Aliniona. Hakuita. Aliitazama miguu yangu, viatu vyangu, naye alijua ndani mna nini.

"Pita, Mjomba," akasema. Wimbi likamfunika. Safari hii hakutema. Kichwa kililala kando.

Hatua ishirini mbele yangu palikuwa na wajane. Nilizihesabu.

Niliruka majini na viatu vyangu.

Nilisikia kijiji changu kikipiga yowe, yowe moja, kama mnyama mmoja. Nilishika kichwa chake juu. Niliuchukua mtaimbo, ule ule wake, nikautia chini ya jiwe, na jiwe likaviringika, likapita juu ya mkono wangu wa kulia kabla halijaenda. Nilimvuta kwa nywele. Nilipotoka upande wa bara nikiwa nimembeba, mguu wake ulikuwa unaning'inia kwa ngozi, na maji yalikuwa yakimwagika kutoka viatuni mwangu kama kutoka birika.

Ofisa aliinama, akaminya nyasi. Akafunga kitabu.

"Kisiwa," akasema.

Kisha akauliza nani aliyefanya hivi. Riwal alikuwa hajitambui. Nikasema, "Mazhev mhunzi, kwa jiwe na mnyororo wake." Ofisa akawageukia watu. "Huyu mzee husema kweli?"

Na watu wa Plougwern, na machozi yakiwatoka, wakacheka. "Goulven? Huyo aliangusha saba kwa uma mmoja!"

Ofisa hakuandika kitu.

Machi 25

Walikuja wanne, Mazhev mbele. Mlango haupo tena, madirisha hayapo. Mbavu tatu, paroko kasema. Mazhev alinipiga bila hasira, kama anayefua chuma, na kati ya pigo na pigo aliniuliza, "Utamlisha nani? Mjane yupi utamlisha?" 

Aprili 2

Daktari amekata mguu wa Riwal juu ya goti. Anaishi. Askari walipomwuliza alisema jiwe liliteleza.

Aprili 19

Siku ya wajane. Mashua za Lanvaon zilijaa miambani tangu jua kuchomoza. Wajane walikuja hata hivyo, wakasimama upande wa bara na miundu yao mpaka maji yakajaa, wakarudi. Mmoja aliutupa mundu wake kuelekea nyumba yangu. Nimeuokota. Una makali.

Aprili 27

Hakuna anayenisemesha. Nasimulia ukuta.

Mei 11

Upepo wa magharibi, mawimbi marefu. Usiku nasikia kokoto zikinguruma.

Mei 12

Nimeshuka kutazama. Bahari inarudisha. Kokoto zinagonga mawe yetu na kubaki hapo, zinapandiana. Karibu miezi miwili tulijaza kwa aproni, nayo inajaza bila kumwuliza mtu.

Mei 29

Mkondo unafika kifundo cha mguu.

Juni 10

Hakuna mkondo. Nimekwenda bara kumwambia mjumbe. Alinifungia mlango. "Kesho utasema msalaba umerudi na kutembea."

Juni 24, Yohana Mbatizaji

Mchana kuni za mioto ya sikukuu zilikuwa zimeshapangwa pande zote mbili za ghuba, Plougwern nzima tuko pwani ya bara, na maji yamepwa, ingawa si mbali, maana bamvua ya Juni ni ndogo. Nikamwona Ofisa amesimama bara na miwani yake. Nani alimwita? Nikatazama upande wa Penn-Garo, na juu ya kokoto, mbali, mtu anakuja na magongo mawili.

Riwal. Azenor nyuma yake, tumbo mbele.

Alikuwa amevaa kiatu kimoja cha mti.

Mashua za Lanvaon zilizokuwa miambani zilielewa kabla yetu. Zilipiga makasia mpaka karibu, na sauti zikaanza: "Msaliti! Umesahau vidole vya mwenzio?" Kisha mawe. La kwanza lilipiga gongo. La pili lilimpasua juu ya jicho, na damu ikamfunga jicho hilo. Alisimama. Nilijua anafanya nini: anasikiliza mguu wake. Akianguka, kokoto zimelowa pembeni, nyasi zitalowa, na kila kitu kimekwisha. Akaweka gongo. Akaweka gongo lingine. Akaruka na ule mguu mmoja. Jiwe la tatu lilimpiga mbavu, Azenor akapokea la nne kwa mgongo wake, akiwa amejigeuza kukinga.

Sisi Plougwern tulisimama bara, Mazhev mbele. Riwal alipompita alisimama kuvuta pumzi.

"Mguu mwingine nimeuacha kwako, Mazhev," akasema. "Kaa nao."

Mazhev hakuinua macho, na tangu saa ile sijamwona akiyainua.

Riwal alifika, akaketi chini mbele ya Ofisa, akavua kiatu. Ofisa akatia mkono. Akatoa nyasi, akaziminya, akazivunja. Zilivunjika kwa sauti, watu wote wakaisikia.

"Wewe ni mtu wa Lanvaon," akasema Ofisa. "Unajua maana yake?"

"Najua. Kisiwa ni kisiwa, na hiki sicho."

Ofisa akatazama damu usoni mwake, akafungua kitabu, akatutazama sisi. "Waliorusha mawe walikuwa wangapi?"

Macho yakanijia, wote wakingoja niseme arobaini.

"Wanne," nikasema. "Jiwe moja moja."

Hakuna aliyecheka. Ofisa akaandika wanne.

Azenor aliniletea zile nyasi zilizovunjika, akanitilia viatuni kama zamani. Riwal akaniuliza, "Zinatosha, Mjomba?" Nikamwambia zinatosha. Kesho asubuhi navuka nazo tena kwenda bara, niwaambie wajane siku yao imerudi, wanoe miundu. Ule mundu nilioutunza namrudishia mwenyewe.